Fedha za Ushindani na Ujasiriamali wa Vyuo Vikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi na Lamu

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi, wahadhiri vijana, wazazi na vikundi vya wavuvi wa Malindi na Lamu, ambao kila mwito wa maombi ya ruzuku unapotangazwa huniletea karatasi zao tuzipange pamoja. Wanaouliza hubadilika lakini maswali ni yaleyale. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa, msomaji ameelekezwa kwenye swali husika kwa nambari yake.

## Mambo ya msingi

1. Fedha za ushindani ni zipi, na zinatofautianaje na fedha za kawaida za chuo?

Fedha za kawaida hupewa chuo kwa sababu kipo na kina wanafunzi. Hulipa mishahara, umeme na matengenezo ya paa, na mwakani hutarajiwa tena. Fedha za ushindani huwekwa mezani na serikali, mfuko au mfadhili, hutangazwa pamoja na masharti yake, kisha hupewa yule ambaye andiko lake la maombi limepata alama za juu mbele ya jopo la watathmini. Huja kwa kazi maalumu na kwa muda maalumu, na muda ukiisha nazo zimekwisha.

Tofauti hiyo huathiri ujasiriamali kwa njia isiyoonekana upesi. Mhadhiri anayetegemea bajeti ya idara yake anaweza kukaa na wazo miaka 10 bila kuulizwa litamfaa nani, ilhali anayeomba ruzuku hulazimika kulijibu swali hilo kabla ya kupata senti. Lakini majibu yake huandikwa kwa lugha inayompendeza mtathmini, ambaye si mteja, na hapo ndipo sehemu kubwa ya matatizo yanayojadiliwa humu huanzia.

2. Ujasiriamali wa chuo kikuu ni nini hasa? Mwanafunzi anayefungua saiba kando ya lango la chuo amo?

Yumo, ingawa watunga sera humtaja mara chache. Kuna biashara za wanafunzi, ambazo zinaweza kuwa za aina yoyote, na kuna kampuni zinazozaliwa na utafiti, ambamo kilichogunduliwa maabara au baharini hugeuzwa bidhaa. Ipo pia aina ya tatu, ambayo kwetu Pwani naiona muhimu kuliko zote: shughuli ya kiuchumi inayoendeshwa na wanakijiji juu ya utafiti uliofanywa na wasomi. Mikoko Pamoja ya Gazi, kaunti ya Kwale, ndiyo mfano ulio karibu. Watafiti wa Kenya na wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier walipima kaboni iliyohifadhiwa na mikoko, na tangu 2013 kijiji kimekuwa kikiuza hati za kaboni, ambazo wanunuzi hulipia kaboni inayozuiliwa isiingie hewani, kutokana na hifadhi yake. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna profesa aliyetajirika hapo, na pengine ndiyo sababu mradi haupatikani katika orodha nyingi za kampuni za vyuo. Mtu wa Lamu anapaswa kuutazama kwa makini zaidi kuliko yeyote, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti yake.

3. Hapa Kenya fedha hizi hutoka wapi?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliweka vyombo vitatu: tume ya NACOSTI inayosimamia utafiti, wakala wa KENIA unaoshughulikia ubunifu na safari yake ya kuelekea sokoni, na Mfuko wa Taifa wa Utafiti unaogawa fedha. Sheria hiyo inasema Mfuko upewe kila mwaka kiasi kinacholingana na asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho bajeti zetu zimekaa mbali nacho sana. Kidogo kikishindaniwa na wengi, mwenye wazo jipya lisilo na ushahidi ndiye huachwa kwanza.

Nje ya serikali kuna wafadhili wa kimataifa. Benki ya Dunia, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2016 mpango wa vituo vya umahiri vya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kusini, ambavyo vilichaguliwa kwa ushindani hadi kufikia 24 katika nchi 8. Kenya ilipata vitatu: Egerton, Moi na Jaramogi Oginga Odinga. Pwani haikupata hata kimoja.

## Athari zake

4. Je, ruzuku za ushindani huzaa biashara kweli, au huzaa ripoti tu?

Huzaa biashara, ila kiasi na wakati wa kutolewa ni muhimu kuliko wingi wa fedha. Marekani ilianzisha mwaka 1982 mpango unaozitaka idara kubwa za serikali kutenga sehemu ya bajeti zao za utafiti kwa kampuni ndogo, nyingi zikiwa na mizizi vyuoni. Mchumi Sabrina Howell alizipima ruzuku za namna hiyo zilizotolewa na Idara ya Nishati, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2017 yanastahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya ruzuku. Ruzuku ya awamu ya kwanza, ya dola 150,000, ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji, ilhali ile ya awamu ya pili, ya takriban dola milioni moja, haikuonyesha faida ya maana. Ile ndogo ilimwezesha mtu kutengeneza kifaa cha mfano na kuonyesha kwamba kinafanya kazi. Kubwa ilifika wakati ambapo wenye kampuni nzuri walikwisha kupata fedha kwingine.

Barani kwetu kuna shindano la mipango ya biashara la Nigeria lililoanza mwaka 2011. Waombaji walikaribia 24,000 na washindi walikuwa 1,200, waliopata wastani wa dola 50,000 kila mmoja kwa awamu. Kwa kuwa baadhi ya washindi walichaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho, iliwezekana kuwalinganisha kwa haki na waliokosa. Miaka mitatu baadaye, walioshinda walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado na biashara na wa kuajiri watu 10 au zaidi. Lile halikuwa shindano la vyuo, lakini linawajibu wanaodai kwamba fedha za bure Afrika huliwa zote.

5. Mbona vyuo vilevile ndivyo hushinda kila mara?

Kwa sababu aliyeshinda jana huingia leo akiwa amebeba ushindi wa jana. Watafiti wa Uholanzi waliwatazama wanasayansi vijana waliokuwa karibu kabisa na mstari wa kupita, wengine wakiwa juu yake kidogo na wengine chini kidogo, kwa hiyo ubora wao haukutofautiana. Katika miaka 8 iliyofuata, waliopita kwa unywele walikusanya fedha za utafiti zaidi ya mara mbili ya wenzao. Sehemu ya pengo hilo ilitokana na waliokosa kuacha kuomba. Namkumbuka binti mmoja wa Shela ambaye baada ya kukataliwa mara moja aliniambia kwamba mambo hayo ni ya watu wa Nairobi, akafunga faili, akaenda kufundisha tuisheni. Andiko lake lilikuwa bora kuliko mawili kati ya yaliyopita mwaka ule.

Chuo kikubwa kina ofisi nzima ya ruzuku, mhasibu anayejua jedwali za wafadhili na mwanasheria. Chuo kichanga kina mhadhiri mmoja anayefundisha madarasa manne na kuandika usiku. Kuwaweka wawili hao kwenye mstari mmoja na kupuliza kipenga ni usawa wa karatasi.

6. Kuandika andiko huchukua muda gani? Je, muda huo una hasara?

Una hasara kubwa. Australia ilihesabu: maandiko 3,727 yaliyowasilishwa mwaka 2012 kwa baraza lake la utafiti wa afya yaligharimu watafiti jumla ya miaka ya kazi 550 hivi, na maandiko karibu manne katika kila matano yalikataliwa. Mjasiriamali wa chuo anaweza kusema kwamba muda huo umemfunza kupanga hesabu, na ni kweli kwa mara ya kwanza na ya pili. Kufikia ya sita amekuwa fundi wa kuandika maandiko, na huo ni ufundi mwingine kabisa. Nimewaona vijana walioshinda mashindano manne ya mawazo wakiwa hawajauza hata pakiti moja ya bidhaa yao. Kwa kawaida wana fulana nyingi.

7. Mfadhili akipima kampuni ngapi zimesajiliwa, si atapata kampuni nyingi?

Atapata usajili mwingi. Kinachohesabiwa ndicho hutengenezwa. Uingereza, ambayo tangu 1986 imekuwa ikigawa sehemu ya fedha za utafiti kwa kupima ubora wa kila chuo, iliongeza katika tathmini ya 2014 kipengele cha manufaa ya utafiti nje ya chuo, kikapewa uzito wa asilimia 20, kisha 25 katika tathmini ya 2021. Vyuo viligeuka haraka: kazi na viwanda, hospitali na serikali za mitaa iliyokuwa ikionwa kuwa ya pembeni ilianza kuandikwa, kulindwa na kulipiwa. Vilevile viliajiri watu wa kuandika simulizi za manufaa hayo kwa ustadi. Yote mawili ni athari za sera ileile.

Kwa maoni yangu, kipimo kisichodanganyika kwa urahisi ni mapato kutoka kwa mteja asiye na uhusiano na mradi, hata yakiwa shilingi 5,000 tu.

8. Basi kwa nini fedha zisigawanywe sawa?

Zikigawanywa sawa kwa kila mhadhiri, kila mmoja atapata kiasi kisichotosha kununua hata mizani ya maabara. Njia zilizo katikati zipo. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand limekuwa tangu 2013 likitoa baadhi ya ruzuku kwa bahati nasibu miongoni mwa maandiko yaliyofaulu mchujo, na mfuko wa sayansi wa Uswisi umeruhusu kura ya namna hiyo tangu 2021 pale maandiko yanapolingana. Watu hucheka wakisikia. Hata hivyo, jopo likiwa haliwezi kutofautisha andiko la 11 na la 12, kura ni uaminifu. Kwa vyuo vichanga ningeongeza fungu lao peke yao, na mwito wenye andiko la kurasa mbili kwanza, ili anayekosa apoteze wiki moja badala ya miezi miwili.

9. Je, zawadi lazima iwe fedha?

La. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilichaguliwa kuwa cha kwanza katika mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani wa kurushia nchi zinazoendelea setilaiti ndogo bila malipo. Setilaiti hiyo, 1KUNS-PF, yenye upande wa sentimita 10, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mnamo Mei 2018, baada ya kutengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, chuo kilekile ambacho profesa wake Luigi Broglio alileta majukwaa ya kurushia roketi Ngomeni, jirani zetu wa Malindi, katika miaka ya 1960. Kilichoshindaniwa kilikuwa nafasi ya kurusha, jambo ambalo chuo chetu kisingeweza kulinunua. Kwa mjasiriamali wa Lamu, nafasi ya namna hiyo inaweza kuwa siku 20 katika karakana yenye mashine, au kipimo cha maabara kinachotambuliwa na wanunuzi wa Ulaya.

## Umiliki

10. Nikibuni kifaa kwa fedha za ruzuku, ni cha nani?

Soma mkataba kabla ya kufurahi. Marekani ilitunga mwaka 1980 sheria ya Bayh-Dole, iliyoviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu, na nchi nyingi zikaiiga zikidhani kwamba umiliki wa chuo ndio huzaa kampuni. Norway, ambako awali profesa ndiye alimiliki uvumbuzi wake, iligeuza sheria mwaka 2003 na kukipa chuo sehemu kubwa. Wachumi Hvide na Jones walipotazama kilichofuata, waliona kampuni mpya za wasomi wa vyuo zimepungua kwa takriban nusu, na hataza, yaani haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi, vivyo hivyo. Aliye na kichwa chenye uvumbuzi alikosa sababu ya kuhangaika.

Kwetu, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inampa mwajiri uvumbuzi uliofanywa na mfanyakazi katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, isipokuwa mkataba useme vingine, na inamtambulia mfanyakazi haki ya malipo ya ziada uvumbuzi ukiwa na thamani kubwa ya kipekee. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo nafasi yake hutegemea kanuni za chuo na fomu alizotia saini, mara nyingi bila kuzisoma, siku ya kujiandikisha.

11. Nimekwisha kukionyesha kwenye maonyesho. Nimechelewa?

Kwa Kenya, una miezi 12 tangu ulipokionyesha kuwasilisha ombi la hataza, ambayo ikitolewa hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Nchi nyingi za Ulaya hazina msamaha huo mpana. Mashindano yanayotaka ueleze kila kitu jukwaani mbele ya kamera yanakupeleka moja kwa moja kwenye tatizo hili. Ipo pia hati nyepesi kuliko hataza, inayolinda marekebisho madogo ya vifaa kwa miaka 10, na vitu vingi vinavyoletwa kwangu vinaifaa hiyo zaidi.

12. Mwanafunzi akichukua ufundi wa fundi wa jahazi wa Matondoni, Lamu, akaufanya mradi, fundi anapata nini?

Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inataka ridhaa ya wenye maarifa itangulie, na inaipa kaunti kazi ya kutunza rejista yake. Andiko likimtaja fundi kama “mhojiwa” tu, kasoro imo tangu ukurasa wa kwanza. Tumeona Lamu mwaka 2018 jahazi la plastiki iliyorejelewa, Flipflopi, likiundwa kwa mikono ya mafundi wenyewe chini ya Ali Skanda. Humo fundi alikuwa mshirika anayejulikana kwa jina, na andiko lolote la chuo linaweza kuiga hilo bila gharama.

## Sisi wa huku

13. Mtu wa Malindi au Lamu ana nafasi gani?

Anayo, lakini huilipia kabla hajaanza. Usaili wa saa tatu asubuhi jijini humtaka kijana wa Lamu avuke kwa boti hadi Mokowe, apande basi, alale njiani, na nauli hiyo hairudishwi akikosa. Mweleze mratibu kwa maandishi na uombe usaili wa simu. Wengi hukubali wakiombwa mapema, na karibu hakuna anayeomba.

Umbali peke yake haumnyimi mtu ushindi. Kilifi, kama kilomita 60 kutoka Malindi, kuna kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (wakfu wa Uingereza) kilichoanza mwaka 1989, ambacho watafiti wake hushindania ruzuku za dunia nzima na kuzipata. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kipo mji huohuo. Tafuta mshirika hapo kabla ya kwenda mbali.

14. Fedha zikichelewa, nifanye nini?

Nitajibu kwa yaliyonipata. Mwaka mmoja tuliandika, wanafunzi wawili, mimi na kikundi cha mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki) wa Mayungu, karibu na Malindi, andiko la kikaushio cha jua cha kutengenezea ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa: fremu ya mbao, nailoni ngumu juu, trei za waya, na wavu wa mbu kwenye matundu ya hewa ili nzi wasiingie. Tulishinda. Fedha zilitarajiwa Oktoba, tujaribu kifaa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na samaki ni wengi. Ziliingia Mei. Kusi ilikuwa imeshika, masika yananyesha, ngalawa zimevutwa mchangani, na tarehe ya ripoti haikusogezwa hata siku moja. Tulinunua samaki wa barafu kwa bei ya juu ili tu tuwe na cha kukausha, upepo ukapasua nailoni kwenye pembe, na ripoti yetu ikasema kifaa hakikufikia lengo. Mwenyekiti wa kikundi aliniuliza, “Mwanangu, hawa wenye hela hawana kalenda ya bahari?”

Kaskazi iliyofuata akina mama walishona nailoni mpya kwa mchango wao na ng'onda zikakauka kwa siku mbili. Hilo halimo katika ripoti yoyote. Kwa hiyo: andika msimu ndani ya andiko lenyewe, kama sharti la kazi, na ueleze kwamba fedha zikifika baada ya mwezi fulani majaribio yatasogea hadi msimu ujao. Sisi hatukuandika.

15. Ruzuku ina riba?

Ruzuku halisi hairudishwi, kwa hiyo haina riba. Lakini baadhi ya mifuko huita “ufadhili” kitu ambacho nusu yake ni mkopo nafuu wenye asilimia fulani juu yake. Uliza kwa maandishi ni kipi. Wanaotaka kuepuka riba wamewahi kufaulu kuomba sehemu ya mkopo igeuzwe hisa. Hukumu ya kidini muulize shekhe wako.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mhadhiri wangu ni mtathmini katika mwito ninaouomba. Je, nijitoe?

Usijitoe. Yeye ndiye anapaswa kutangaza uhusiano wenu na kutoka chumbani andiko lako linapojadiliwa. Akinyamaza nawe ukashinda, ushindi unaweza kubatilishwa, kwa hiyo lieleze kwenye barua ya maombi.

17. Nimeshinda ruzuku mbili kwa kazi moja.

Waarifu wote wawili kabla ya kutumia. Kulipia kifaa kimoja mara mbili ni kosa ambalo mkaguzi hulipata kwa urahisi kuliko lolote. Mara nyingi mmoja hukubali fedha zake zihamie kwenye hatua inayofuata.

18. Kampuni ikifa kabla ya mradi kuisha, tunarudisha fedha?

Zilizotumika kwa kazi iliyokubaliwa, zikiwa na risiti, kwa kawaida hazirudishwi, ila zilizobaki hurudi. Vifaa huweza kuwa mali ya chuo, jambo linalorudi kwenye swali la 10.

19. Kuna wakati ambapo ni heri kutoomba kabisa?

Upo. Ikiwa unahitaji shilingi 40,000 za trei na nailoni na una mnunuzi anayesubiri, miezi sita ya kuandika na kusubiri ni ghali kuliko mchango wa chama. Ikiwa masharti yanakutaka ubadilishe bidhaa ambayo wateja wameizoea, vilevile. Ruzuku inafaa kwa jambo ambalo hakuna mteja atakayelilipia kabla halijathibitishwa: kipimo cha maabara, majaribio ya msimu mzima, ada za hataza. Mama karanga wa Mayungu waliponiuliza mwaka uliofuata kama tuombe tena, tulipiga hesabu kwenye mchanga, tukaona kinachokosekana ni kipimo cha unyevu wa ng'onda tu. Tuliomba hicho, kurasa mbili, kwenye idara moja ya chuo yenye kifaa hicho, na tulijibiwa baada ya siku 9.